Elimu ya Kamani Isitupotee

Msomaji aliyezoea kuukuta ukurasa huu umejaa mashairi, ngoma na mila za wazee, huenda akastaajabu leo kuukuta umepakwa grisi. Asistaajabu. Utamaduni si kanzu na kofia peke yake, wala si zile ngoma zinazopangwa uwanja wa ndege kumlaki mgeni. Kazi yoyote ya mikono ambayo watu wameifanya miaka na miaka, wakaipa majina, wakabishana juu yake na kuwarithisha vijana wao, ni utamaduni. Na kazi ya kulifanya gari la spoti la kale listahimili barabara za nchi hii ni sehemu ya utamaduni huo. Nayo inatuponyoka mikononi.

Neno letu la leo latoka Rongai. Na kabla msomaji wa Nairobi hajaelekeza mawazo yake njia ya Lang'ata, na tumwambie mapema kuwa hatuisemi Ongata Rongai, ile iliyojaa matatu zenye muziki wa kuvunja masikio. Twaisema Rongai ya Nakuru, mji mdogo ulio magharibi ya Menengai, kando ya reli iendayo Eldoret hadi Uganda. Mji wa mahindi, wa mkonge na wa matrekta.

Ardhi ya huko ni ya jivu la volkano. Kiangazi huwa vumbi laini kama unga wa muhogo, lenye kuyafunika mashimo hata dereva asiyaone mpaka gurudumu lishaingia. Mvua ikinyesha, njia za mashambani huwa tope na mifereji. Magari yaliyoishi huko tangu enzi za mashamba makubwa ya walowezi yalikuwa na mtihani mmoja kila siku, nao ni kufika nyumbani yakiwa mazima. Ndiyo maana katika miji kama hii wakatokea mafundi ambao hawakupata kukiona kiwanda cha magari kwa macho yao, lakini waijua miguu ya gari kuliko wengi waliokiona.

Katika gereji moja ya Rongai, ya mabati na mti mmoja wa kivuli, nilikuta Datsun 240Z imewekwa juu ya magogo, magurudumu yametolewa. Gari hilo, kwa asiyelijua, ni la Kijapani, la watu wawili, lenye pua ndefu na mgongo ulioinama kama wa duma anayenyemelea. Lilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1969, na injini yake ni ya silinda sita, lita 2.4. Mwenyewe, mkulima wa makamo aliyelinunua likiwa taabani, alikuwa katika mabishano na fundi wake, mzee wa miaka sabini na kitu.

"Mzee, hii gari ni ya historia," mwenyewe alisema. "Nataka isimame vile ilisimama ikitoka kiwandani. Usiipandishe hata inchi moja."

"Sawa, Bwana," mzee akajibu. "Lakini huko kiwandani kulikuwa na lami. Kwako shambani iko lami?"

Kijana mmoja wa gereji, aliyekuwa akiosha boliti kwa petroli, akaona amepata nafasi yake. "Si tuweke tu spesa, Mzee? Nusu saa tumemaliza."

Mzee hakugeuka. "Spesa ni viatu virefu," alisema. "Mimi naongea habari ya miguu."

Spesa anayoisema kijana ni kipande cha chuma au cha mpira mgumu kinachopachikwa juu ya kamani ili gari liinuke. Tumekiona chini ya Probox zinazobeba maziwa na mboga, na chini ya magari ya vijana wa mjini wanaotaka tu gari lionekane limesimama juu. Watu watatu hao, mwenyewe, mzee na kijana, ni Kenya nzima ya wapenda magari ya kale. Wa kwanza ataka kitu kibaki kama kilivyozaliwa. Wa tatu ataka kiinuke, basi, kwa njia yoyote. Wa pili ndiye tunayemtetea leo, kwa sababu watu wa aina yake wanapungua.

Tuanze na mwenye gari. Gari ni lake na pesa ni zake, hilo hatuna ubishi nalo. Lakini hoja yake ya historia haisimami. Historia ya Datsun Z ni ipi? Ulimwengu ulilijua gari hilo kwa sababu ya kushinda Safari Rally mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa mkaazi wa Kenya, na la pili nyuma yake likiwa Datsun Z jingine, la kijana wa Uganda aitwaye Shekhar Mehta. Mwaka 1973 Mehta mwenyewe akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo, baada ya kulingana kabisa kwa alama za adhabu na Harry Källström wa Sweden, mpaka ikabidi waamuzi watazame ni nani aliyekwenda mbali zaidi bila ya kupata alama hata moja. Picha zilizotangaza gari hilo duniani hazikulionyesha likimeta barabarani Tokyo. Zilionyesha gari lililoinuliwa, lenye bamba la chuma tumboni na taa nyingi puani, limepakwa tope hadi madirishani. Kwa hivyo anayeliinua gari hilo Rongai hajaivunja historia yake. Analirudisha alikopatia jina.

Na Safari yenyewe ilikuwa ni mtihani wa miguu kuliko mtihani wa mbio. Ilianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Sisi tuliokuwa watoto Pwani twaikumbuka kwa vumbi lake wakati wa Pasaka na kwa redio iliyowekwa dirishani ili mtaa mzima usikie. Kila mwaka walikuja wakubwa kutoka Ulaya na magari yenye kasi, na miaka mingi mno walishindwa na watu waliokuwa wakiishi hapa. Ilikuwa mpaka mwaka 1972 ndipo dereva kutoka ng'ambo, Hannu Mikkola wa Finland, alipochukua kombe kwa mara ya kwanza. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakarudi. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na yaliyorudi yakawa 7 vile vile. Miaka yote miwili aliyeshinda ni Nick Nowicki katika Peugeot 404, gari la familia, gari ambalo mtu angempelekea mkewe sokoni.

Mbona gari la familia? Kwa sababu Peugeot lilikuwa na miguu mirefu na laini, iliyoweza kushuka ndani ya shimo na kupanda tena bila ya kulitikisa kasha. Bert Shankland wa Dar es Salaam alilipa ushindi wa 1966 na wa 1967. Abiria wa Bonde la Ufa hawakuhitaji kuambiwa na magazeti. Miaka mingi walisafiri kutoka Nakuru kwenda Kisumu na Eldoret ndani ya Pijo za teksi, wamebanana kama tende, na gari likipita juu ya mashimo kama jahazi linalokata mawimbi ya kusi. Joginder Singh naye, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 lililokuwa limeshatumika na wengine kabla yake. Hakuwa na gari jipya. Alikuwa fundi, na alijua cha kukaza na cha kulegeza.

Hapa yapasa tueleze jambo ambalo wengi hulichanganya. Gari hubebwa na vitu viwili vyenye kazi mbalimbali. Kimoja ni kamani, neno tulilolipata kwa ndugu zetu wa Kihindi pamoja na ufundi wenyewe, ingawa gereji za bara zasema springi. Kamani ndiyo inayobeba uzito. Nyingine ni za bapa, zilizopangwa moja juu ya mwenziwe kama za lori, na nyingine ni za kujiviringa. Kitu cha pili ni shokabsoba, ambayo gereji zetu zimeikata jina zikaiita shoki. Shoki haibebi kitu. Kazi yake ni kuituliza kamani, kwa sababu kamani peke yake ikishabonyezwa huendelea kuruka juu na chini, na gurudumu linaloruka haligusi ardhi, na gurudumu lisilogusa ardhi halina breki wala usukani.

Shoki huituliza kamani kwa kusukuma mafuta katika vitundu vidogo, na mtikiso wa barabara ukageuka kuwa joto. Ndiyo maana katika njia mbaya na ndefu shoki ya kawaida huchoka: mafuta huchemka, huingia povu, na povu halizuii kitu. Zile zenye gesi iliyoshindiliwa ndani zilibuniwa kulizuia povu hilo. Mzee wa Rongai ana kipimo chake kisichogharimu hata senti. Gari likirudi kutoka mwendo mrefu wa njia mbovu, huinama na kugusa shoki zote nne kwa nyuma ya kiganja. "Ya moto iko hai," asema. "Baridi ni maiti." Naam, ni elimu ya fizikia, na hakuisomea popote.

Katika Datsun Z miguu yote minne inajitegemea, na kila mguu una kamani ya kujiviringa yenye shoki iliyosimama katikati yake kama mchi ndani ya kinu. Kuliinua gari la namna hiyo kwa spesa ni rahisi, kama alivyosema kijana, lakini tazama yanayofuata. Mguu hauongezewi nafasi ya kutembea. Nafasi ni ile ile, ila sasa imesogea, na gari likiruka tuta shoki hufika mwisho wake na kugonga chuma kwa chuma. Vyuma vinavyotoka kwenye usukani kwenda magurudumuni, vilivyokuwa vimelala sawa, sasa huinama, na kila gurudumu likipanda shimo usukani hujivuta wenyewe mkononi mwa dereva. Ekseli za nyuma hufanya kazi zikiwa zimepinda, na viungo vyake huliwa upesi. Na mpira wa breki, ambao ulikatwa kwa urefu wa gari la chini, hunyooka kama uzi wa kuvulia samaki. Siku utakapokatika hautatoa taarifa.

Hatusemi haya kumtisha mtu. Rongai iko jirani na Salgaa na Sachang'wan, majina ambayo Wakenya wameyasikia mara nyingi mno katika taarifa za ajali, na atokaye huko na gari lililoinuliwa ovyo huingia katika mteremko ule ule pamoja na malori na mabasi yaliyojaa watoto wa wenzake.

Kazi iliyo sawa ni ya namna nyingine, nayo haimalizwi kwa nusu saa. Kwanza kamani ndefu na nzito kiasi, isiyo nzito kupita kiasi. Hapa ndipo matajiri wengi wanapoharibu, kwa kudhani ugumu ni nguvu. Gari gumu huruka, na gari linaloruka huvunjika. Kamani ikiongezwa, shoki nayo ichaguliwe ya kulingana nayo, yenye mwendo mrefu zaidi na nguvu zaidi ya kulizuia gurudumu lisirudi chini kwa pupa. Pale miguu inapoingia mwilini, bati la gari la kale ni jembamba na aghalabu limeshaliwa na kutu. Lazima lipigwe viraka vya chuma kinene, kwa sababu kila pigo ambalo zamani lilikuwa likimezwa na kamani laini sasa linapanda juu kutafuta pa kutokea. Mipira ya viungoni, zile bushi, ibadilishwe. Kuna bushi za plastiki ngumu zinazosifiwa siku hizi. Hukaa muda mrefu na hulifanya gari litii usukani, lakini huleta kelele na mtetemo, na mzee wetu huzitia mbele tu, nyuma akaacha mpira. Mpira wa breki urefushwe. Halafu pembe za magurudumu zipimwe upya. Mizani ya gari ni kama mizani ya shairi: ukiongeza silabi katika kipande kimoja, kipande cha pili nacho hakikai kama kilivyokuwa, hata kama vina vyote vimelingana.

Mzee huyo hupima kimo cha gari kwa kamba yenye mafundo mawili, aliyoitundika msumarini. Fundo moja ni la gari likiwa tupu, la pili ni la gari likiwa na watu wawili, tangi limejaa na magurudumu mawili ya akiba nyuma. Kamani isipoleta gari baina ya mafundo hayo, huirudisha. Nilimwuliza vipimo hivyo alivipata wapi. Akasema alivipata kwa kurudiwa na magari yaliyovunjika.

Asidhani mtu kuwa elimu hii ni ya vijijini tu na kwamba wakubwa wa Ulaya hawakuihitaji. Kampuni ya Porsche ya Ujerumani ililitamani kombe la Safari miaka mingi na haikulipata kamwe. Mwaka 1972 Sobiesław Zasada wa Poland alikuwa wa pili kwa Porsche 911. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Sweden alikuwa akiongoza, mpaka mkono mmoja wa saspensheni ya nyuma ukamvunjikia. Akamaliza wa pili, na kombe likaenda kwa Joginder Singh katika Mitsubishi Lancer ndogo ambayo wengi walikuwa wameicheka. Mwaka 1978 Wajerumani wakarudi na 911 zilizoinuliwa sana, yapata sentimita 28 kutoka ardhini hadi tumboni. Vic Preston mdogo, kijana wa hapa hapa Kenya, akawa wa pili, Waldegård akawa wa nne, na aliyeshinda ni Mfaransa Jean-Pierre Nicolas katika Peugeot 504.

Porsche ya zamani, kwa faida ya wanaoipenda, haikubebwa na kamani za kujiviringa. Ilibebwa na fito za chuma zilizolala, ambazo gurudumu likipanda husokotwa kama nguo inayokamuliwa, kisha zikajinyoosha. Ukitaka kuiinua nyuma, huongezi kitu. Unachomoa ule ufito, unauzungusha meno kadhaa, unaurudisha. Kazi ya dakika chache kwa anayejua, na ya wiki nzima kwa asiyejua, kwa sababu meno ya ndani na ya nje hayalingani kwa idadi, na hesabu yake yataka mtu aliyetulia. Hata hivyo mikono inayoshika magurudumu ni ile ile, na ndiyo iliyovunjika mwaka 1974.

Basi ikawa hivi. Mwaka 2003, miaka 50 tangu Safari ya kwanza, yalianzishwa mashindano ya magari ya kale, East African Safari Classic Rally. Huko Uingereza na kwingineko Ulaya wakatokea mafundi wenye kulitengeneza Porsche 911 la kale mahsusi kwa barabara zetu: wanaipiga viraka mikono ile, wanaimarisha mahali pa miguu, wanatia shoki zenye mwendo mrefu. Mwaka 2011 Waldegård yule yule, sasa mzee wa miaka 68, mwanawe Mathias akiwa kando yake na ramani, alishinda Classic hiyo katika Porsche 911. Alilipata kwa gari la aina ile miaka 37 baada ya kulipoteza. Alifariki mwaka 2014. Sisi twamheshimu, na ushindi huo ulitufurahisha kama ulivyomfurahisha kila aliyekumbuka 1974.

Lakini tuutazame kwa jicho la pili. Elimu iliyolifanya gari lile lisivunjike ilipatikana wapi? Ilipatikana Kenya, kwa magari yaliyovunjika kwenye mawe ya Kenya, na mara nyingi kwa mikono ya mafundi wa Kenya waliokuwa wakingoja kando ya njia usiku kucha na jeki na shoki mpya mapajani. Majina ya madereva yamechorwa kwenye vikombe. Ya mafundi hao hayakuchorwa popote. Elimu ilipanda meli, ikakaa Ulaya, ikaandikwa, ikachorwa, ikapewa namba za vipuri, na sasa inarudi bandarini Mombasa ndani ya makasha, na mwenye gari wa Rongai akiitaka hununua kwa fedha za kigeni na kuilipia ushuru. Hatuwalaumu Wazungu kwa kuandika. Twajilaumu sisi kwa kutoandika.

Wala asituambie mtu kuwa mambo hayo ni ya kale na yamepitwa na kompyuta. Safari Rally ilitoka katika mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002, ikarejeshwa mwaka 2021, na siku hizi hupita Naivasha, Kedong, Elmenteita na Soysambu, juu ya vumbi lile lile la volkano. Mwaka huo wa 2021 Thierry Neuville wa Ubelgiji aliamka siku ya mwisho akiongoza, katika gari la kisasa lililotengenezwa na wahandisi wengi. Katika kipande cha Loldia saspensheni ya nyuma ikavunjika, na safari yake ikaishia hapo. Kombe akalichukua Sébastien Ogier wa Ufaransa. Bonde la Ufa halijabadili mtihani wake.

Sisi wa Pwani jambo hili twalijua kwa uchungu wetu. Mababu zetu wa Lamu na visiwa vyake walikuwa na chombo kiitwacho mtepe. Mbao zake hazikupigwa misumari. Zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Wimbi likiupiga, mwili wote ulilegea kidogo, ukanyumbuka, ukarudi, na ndiyo maana uliweza kukwama mwambani usipasuke. Chombo kizima kilikuwa kamani. Elimu yake ilikaa vidoleni mwa washonaji, na washonaji walipokwisha mwanzoni mwa karne ya ishirini, mtepe nao ukaisha. Leo ukitaka kuuona utaoneshwa mifano midogo katika makumbusho ya Lamu. Zanzibar walijaribu kuunda mmoja kamili miaka ya mwanzo ya karne hii, nao ukabidi uundwe kwa kutazama picha na maandishi ya wageni. Hakuna aliyekuwa amebaki wa kuulizwa: uzi uvutwe kiasi gani?

Mzee wa Rongai yupo bado wa kuulizwa. Na wenziwe wako Nakuru, Njoro, Molo, Eldama Ravine na kwengineko, wanatengeneza matrela ya mkonge na pikapu za maziwa, na mara moja kwa mwaka linawafikia gari la spoti la kale lililotolewa ghalani chini ya magunia. Vijana wanaokaa nao wanajifunza spesa, kwa sababu spesa ina wateja.

Tunayoyataka hayahitaji kamisheni ya serikali. Vyuo vya ufundi vya kaunti ya Nakuru vina walimu na vina wanafunzi. Na wakae na wazee hawa muhula mmoja, kalamu mkononi, waandike kila jina la chuma, kila kipimo na sababu yake, kwa Kiswahili kile kile kinachosemwa gerejini. Kama neno ni kamani, liwe kamani. Kama ni shoki, liwe shoki. Watu wa kamusi watakuja nyuma yao kusafisha. Viwanda vya kutengeneza kamani tunavyo nchini kwa ajili ya malori. Waombwe watie motoni na kupinda jozi chache za magari haya kwa vipimo vya kamba ya Rongai, ili tujue kama bei yake haitakuwa chini ya ile ya makasha kutoka ng'ambo.

Mwenye gari naye tusimsahau, maana hofu yake ya kuharibu ina haki ndani yake. Kuna gari moja moja, lililobaki na rangi yake ya kwanza na kila boliti yake, ambalo yafaa lihifadhiwe lilivyo na lisiguswe kwa spana. La kwake silo, lakini hata hivyo kamani zake za asili zisitupwe kwa muuza chuma chakavu. Zipakwe mafuta, zifungwe gunia, ziandikwe upande upi ni wa kulia na upi wa kushoto, kwa sababu mara nyingi hazilingani. Atakayelirithi gari ataweza kulirudisha chini akitaka.

Na wale wanaoandaa mashindano ya magari ya kale, ambayo hufanyika takriban kila baada ya miaka miwili, tuna ombi moja kwao. Kila timu inayokuja na mafundi wake kutoka Ulaya ipewe vijana wawili wa hapa, wasiwe wa kubeba maji wala wa kulinda magurudumu usiku. Wawe chini ya gari. Na kila jioni, gari likiingia kambini kabla halijapoa, waambiwe wainame, waguse kwa nyuma ya kiganja, na waandike katika daftari ni shoki ipi ilikuwa ya moto na ipi ilikuwa baridi.